Usukani unacheza, mbele kunagonga: tafuta kiungo kabla ya kununua reki

Corolla yangu ni ya 1998, zile tunazoziita 110. Ilianza kugonga mbele mwaka juzi, msimu wa korosho, baada ya safari kadhaa za Tandahimba nikiwa nimeipakia kuliko inavyostahili. Nikipita kwenye rasta au nikikata kona taratibu kuingia nyumbani: ko. Usukani nao ukawa unakwenda na kurudi kidogo kabla tairi hazijaitika. Nikaipeleka gereji. Fundi akakaa kwenye siti, akazungusha mara mbili, akashuka akipangusa mikono. "Bosi, reki imekufa."

Nikaagiza Dar reki ya mtumba, lile bomba lenye fimbo ya meno inayosukuma tairi kushoto na kulia, ikaja kwa basi imefungwa kwenye kiroba. Nikalipia reki, nikalipia ufundi, nikalipia na mafuta ya hidroliki. Jioni natoka gereji, shimo la kwanza tu: ko.

Aliyenizindua ni mzee mmoja wa Lindi, fundi wa Land Rover tangu ujana wake, ambaye nilimfuata kwa shughuli nyingine kabisa. Nikampa shikamoo, tukaongea, nikamlalamikia kwamba reki imebadilishwa na bado inagonga, huenda na hii niliyouziwa nayo imekufa. Akanikatiza. "Mwanangu, usiniambie nini kimekufa. Niambie kinacheza wapi."

Sikujua. Hata fundi aliyeniuzia habari ya reki hakujua, alipiga ramli tu. Na huku kwetu Mtwara ramli ni ghali: spea nyingi zinatoka Dar, zaidi ya kilomita 500, na ukikosea ukanunua kisichohusika hakuna duka la kukirudisha. Basi hivi ndivyo ninavyotafuta sasa, kwa jeki, tochi, tepu ya kupimia na mtu mmoja wa kukaa kwenye usukani.

Usikilize kwanza

Kabla hujalala chini ya gari, liendeshe dakika kumi. Zima redio, shusha vioo, pita mwendo wa mguu kando ya ukuta mrefu, maana ukuta unakurudishia sauti ambazo ndani ya gari huzisikii. Unachotafuta ni tabia ya mlio: unakuja ukifanya nini?

Ukikanyaga breki unasikia ko moja, ukiondoka au ukirudi rivasi unasikia nyingine: fikiria bushi za wishiboni, ile mikono ya chuma inayoshika tairi kwa chini. Ukienda moja kwa moja kwenye njia yenye makunyanzi kama bati na mbele panapiga kokoko za harakaharaka, mara nyingi ni stebilaiza linki, kijiti kinachoshika ile fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Gari limesimama, unazungusha usukani mpaka mwisho, halafu springi inajibana na kuachia ghafla kwa mlio wa kamba ya gitaa: hiyo ni maunti ya shokapu, kikalio chake kule juu. Tiktiktik ukikata kona huku unakanyaga mafuta ni sivijointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, na haina undugu na usukani hata kidogo.

Ile inayohusu usukani wenyewe unaisikia kwa viganja kama unavyoisikia kwa masikio. Gari limesimama, unatikisa usukani huku na huku kidogo, na kitu kinagonga ndani ya mkono wako. Hapo sasa unawinda krosi ya shafti (kiungo cha kukunja shafti ya usukani), reki, rekiendi (kiungo cha ncha ya reki) au tairodi (kiungo kinachofuata, upande wa tairi).

Tenganisha pia kucheza na kugonga. Watu wengi wanavichanganya. Linki ya stebilaiza iliyokwisha inaweza kupiga kelele mpaka abiria waulize, lakini haitaufanya usukani ucheze hata nukta. Na usukani unaweza kucheza vidole vitatu bila mlio wowote. Gari likiwa na yote mawili, usidhani lazima yana chanzo kimoja. La kwangu vyanzo vilikuwa viwili.

Mahali pa kufanyia kazi

Tafuta pagumu na pa tambarare. Mchanga wetu wa Mtwara unameza jeki, kwa hiyo chini yake weka ubao mnene. Handibreki juu, mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma.

Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Kama huna stendi, tumia gogo la mti mgumu lililokatwa sawasawa pande zote mbili, na tairi la akiba ulisukume chini ya bodi kama tahadhari ya pili. Tofali la saruji usilitumie kamwe: halikuonyi, linapasuka ghafla. Bahati nzuri kipimo kikubwa kuliko vyote hakihitaji jeki kabisa.

Hatua ya kwanza: visivyo na gharama

Kaza nati za tairi zote nne. Usicheke, gari lililotoka kuzibwa pancha barabarani linaweza kugonga wiki nzima kwa sababu ya nati mbili tu. Angalia upepo na uvimbe kwenye tairi. Fungua chupa ya hidroliki uone kiwango. Toyota nyingi za umri huu zinatumia mafuta yale yale ya gia otomatiki, Dexron, kwa hiyo kuongeza si kazi. Mafuta yakipungua pampu inalia na usukani unakuwa mzito au wa kushtukashtuka, lakini haulegei. Mtu akikuambia usukani umelegea kwa kukosa mafuta, mshukuru na uendelee na kazi yako.

Halafu pitisha kiganja juu ya uso wa tairi za mbele, kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Kama upande mmoja ni laini na ukirudi unakwaruza kama msasa, tairi linaburutwa: alaimenti, yaani mnyooko wa tairi, imehama, na mara nyingi imehama kwa sababu kuna kiungo kilicholegea.

Hatua ya pili: pima, usikadirie

Tairi zitazame mbele. Kama gari lina pawa stelingi, injini iwake. Bandika kipande cha waya kwenye dashibodi kiguse karibu na ukingo wa usukani, kiwe mshale wako. Kwa kidole kimoja sukuma usukani kushoto mpaka pale tairi linapotaka kuanza kwenda. Weka alama ya kalamu kwenye selotepu uliyobandika ukingoni. Sukuma kulia vivyo hivyo, weka alama. Pima kati ya alama mbili. Vitabu vya Toyota vinaweka ukomo wa milimita 30 kwenye ukingo. Ikizidi hapo, kuna kitu kimekwisha. Yangu ilifika 50 na kidogo.

Ukiwa bado kwenye siti, shika usukani uuvute kwako, usukume, unyanyue, ushushe. Usukani wenyewe haupaswi kupanda wala kushuka. Ukipanda au kushuka, bolti za kolamu (bomba linaloshika usukani) chini ya dashibodi au kile kishikio cha kurekebisha kimo vimelegea, na huo ni ukarabati wa spana moja.

Hatua ya tatu: mtu juu, kidole chini

Hapa ndipo kazi ilipo. Tairi zikiwa chini zimebeba uzito wa gari, mtu mmoja anatikisa usukani taratibu, na wewe unagusa kiungo kimoja baada ya kingine kwa kufuata njia ambayo nguvu ya mkono inapita mpaka kwenye tairi. Mpwa wangu ndiye msaidizi wangu, na siku ya kwanza alitaka kunikomoa kwa kuuzungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hapana. Unatikisa kiasi cha upana wa kiganja tu, kushoto na kulia, bila kulazimisha tairi ligeuke. Mkubaliane maneno mawili, "tikisa" na "acha", na injini ikiwaka usipeleke mkono wala mkono wa shati karibu na feni na mikanda. Gari liwe fri, au P kama ni otomatiki.

Siri yake ni hii: kila kiungo kina chuma kinachoingia na chuma kinachotoka. Kwenye kiungo kizima vyote viwili huanza kwenda kwa wakati mmoja. Kwenye kibovu cha kwanza kinatangulia, cha pili kinachelewa. Weka kidole gumba kwenye kimoja na cha shahada kwenye kingine. Jicho linadanganyika kwa sababu gari lote linatikisika kidogo. Vidole viwili vilivyokaa kwenye kiungo kimoja havidanganyiki.

Anzia ndani ya gari, chini ya kolamu, pale kwenye pedali. Kuna shafti inashuka na kupenya ukuta wa injini, na ina krosi juu na nyingine chini kabla ya kuingia kwenye reki. Ile ya chini kwenye Corolla yangu inakaa pabaya, unaifikia kwa kupinda mkono mpaka bega lilalamike. Nilimulika tochi nikaona kutu nyekundu imetoka pembeni ya kikombe cha krosi, kama ugoro. Nikaweka gumba kwenye uma wa juu na cha shahada kwenye wa chini.

"Tikisa."

Uma wa juu ukaenda. Wa chini ukakaa. Halafu ukafuata kwa kishindo kidogo, na kile kishindo nilikisikia kwenye ukucha kabla hakijafika sikioni. Ko.

"Mjomba, niendelee?"

Nilimwambia aendelee, akaendelea, na mimi nikabaki pale nikisikiliza hela yangu ya reki ikigonga. Ndani ya vikombe vya krosi kuna vibebeo vidogo kama sindano, na vikikauka grisi hewa ya chumvi inavimaliza. Gari linalolala Shangani au Mikindani, kando ya bahari, kwa miaka, ukiligusa popote chini, utaona bahari ilivyolishughulikia.

Ukikuta krosi nzima, hakikisha pia ile bolti ndogo inayoibana kwenye meno ya shafti. Ikilegea, dalili ni zile zile, na hatari yake ni kubwa zaidi: meno yakiisha usukani unazunguka na tairi hazina habari.

Endelea chini. Shika bomba la reki karibu na bushi zake za mpira, pale linapofungwa kwenye krosimemba, ile boriti ya chuma iliyolala chini ya gari. Reki yenyewe hairuhusiwi kuhama kwenda kushoto na kulia. Ikihama, ni bushi au bolti, na bushi ni kitu kidogo mno mbele ya reki nzima. Kisha angalia shafti inapoingia kwenye pinioni, gia ndogo ya reki. Shafti ikizunguka na fimbo ya reki ikasubiri, hapo ndipo unaweza kusema reki ina kasoro.

Rekiendi imejificha ndani ya buti la mpira lenye mikunjo. Usivue buti. Libane kwa kiganja mpaka usikie mpira umegusa bonge la chuma ndani yake, mwambie aliye juu atikise. Rekiendi iliyokwisha inagonga kiganja chako kupitia mpira. Buti likiwa limechanika na ndani kuna mchanga mwekundu, hata kama bado haijagonga, siku zake zinahesabika. Na buti likiwa limejaa mafuta, sili za reki zinavuja. Hilo ni tatizo jingine, halihusiani na kugonga.

Mwisho wa njia ni tairodi, inayoingia kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu, kitovu cha tairi. Izungushie vidole, nusu ya kidole kwenye tairodi na nusu kwenye nako. Isipande, isishuke, isichelewe. Ya kushoto kwangu ilikuwa inachelewa kidogo, kiasi ambacho peke yake nisingekigundua njiani. Hicho ndicho kilikuwa kibovu cha pili.

Kwa magari mapya kidogo yenye usukani wa umeme, mara nyingi mota imekaa kwenye kolamu na hakuna pampu wala mafuta, lakini njia ya kupima ni hii hii kuanzia kolamu hadi nako.

Hatua ya nne: nyanyua

Nyanyua tairi moja la mbele, weka stendi. Shika tairi kwa mikono miwili kushoto na kulia, sukuma mkono huu, vuta huu. Likicheza, rudi kwenye tairodi na rekiendi za upande huo. Sasa shika juu na chini, tikisa. Likicheza hapa ni beringi au boljointi (kiungo cha bonge kati ya wishiboni na nako), na kuzitofautisha kuna ujanja: mwambie msaidizi akanyage breki, aishikilie. Breki inafunga habu na nako viwe kitu kimoja. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi. Zungusha tairi kwa mkono usikilize pia. Beringi iliyoliwa inasaga kama kinu.

Gari lenye shokapu na springi zimesimama pamoja juu ya nako, kama Corolla, boljointi ya chini unaipima tairi likining'inia: ingiza mtaimbo mwembamba kati ya wishiboni na nako, nyanyua kidogo. Kwenye gari ambalo springi imekalia wishiboni ya chini, jeki iwekwe chini ya wishiboni yenyewe. Ukiweka kwenye chasisi, springi inaibana boljointi na unaweza kuiona nzima kumbe imekufa.

Boljointi ndiyo pekee katika orodha hii ambayo ikinionyesha mchezo siendeshi tena, hata kwenda gereji. Ikichomoka tairi linalala kwa nje na gari linakaa chini. Umeshaona basi dogo limelala hivyo pembeni ya barabara, dereva ameshika kiuno. Na fikiria iwe pale unapoushuka mwinuko wa Newala kwenda Masasi.

Vinavyogonga pembeni ya usukani

Kama vidole havijakuta kitu lakini mlio upo, hamia kwenye vyuma vya kubebea. Linki za stebilaiza zipime tairi zote mbili zikiwa chini, au zote mbili zikiwa juu. Ukinyanyua upande mmoja tu, ile fimbo ya stebilaiza inajipinda na kuibana linki, nayo inanyamaza kama mtoto aliyesikia hatua za baba. Ishike, itikise kwa nguvu. Ukiwa na shaka bado, fungua zote mbili, zitoe, endesha mtaani mwendo wa baiskeli kwenye mashimo yako ya kila siku. Ukimya ukirudi, umepata jibu. Usitoke mjini bila hizo linki. Gari litalala sana kwenye kona.

Maunti ya shokapu: fungua boneti, weka kiganja juu ya kitovu cha shokapu huku msaidizi akizungusha usukani mpaka mwisho. Isiruke. Gusa na springi: izunguke pamoja na tairi, isijisokote halafu iachie. Bushi za wishiboni zitikise kwa mtaimbo na uzitazame; ufa mdogo juu ya mpira ni uzee wa kawaida, mpira uliobanduka kwenye chuma ndio unaogonga. Usisahau bolti mbili kubwa zinazounganisha shokapu na nako, hasa kama kuna mtu aliyefungua hapo karibuni.

Magari ya boksi

Land Cruiser za kazi, Land Rover, Suzuki ndogo za zamani na nyingi za jamii hiyo hazina reki. Zina stelingi boksi, mkono unaotoka kwenye boksi, fimbo ndefu na tairodi kila mwisho. Kipimo ni kile kile cha kidole, viungo tu ndivyo vingi. Kwenye Land Rover 110 na Land Cruiser za springi za kuzunguka mbele, mzee wa Lindi huanza na ile fimbo iliyolazwa kutoka chasisi hadi ekseli. Bushi zake zikiisha, ekseli nzima inahama pembeni kabla tairi hazijageuka, usukani unacheza, na mbele kunagonga kama mtu anapiga hodi. Bushi mbili. Watu wamebadilisha boksi kwa ajili ya bushi mbili.

Boksi lenyewe lina skrubu ya kurekebisha juu, yenye nati ya kuifunga, na ni kishawishi kikubwa. Usiiguse kabla ya kumaliza viungo vyote. Ukilazimika, tairi zitazame mbele kabisa, maana hapo katikati ndipo meno yanapokaribiana zaidi, na ukaze kidogo sana, robo ya mzunguko au chini yake, ukijaribu kila mara. Ukikaza kupita kiasi usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, na boksi litajila. Na kabla ya yote, kaza bolti zinazolishika boksi kwenye chasisi. Angalia pia chasisi yenyewe pale karibu: magari yaliyobeba chumvi na samaki, kutu inakula chuma kuzunguka bolti, na hapo spana haisaidii, unahitaji mtu wa kuchomelea anayejua kazi.

Kubadilisha

Tairodi haichomelewi, boljointi haichomelewi, na ile kazi ya kuipasha moto na kuigonga ili ibane tena naiona inafanyika na siipendi kabisa. Nunua nyingine. Krosi ya shafti, kama huipati peke yake, nunua shafti nzima ya mtumba, lakini ikunje kwa mkono dukani kwanza: iwe nzito kidogo na laini, isiwe na mahali pa kukwama wala pa kulegea.

Tairodi: kabla hujafungua, piga mstari wa rangi kwenye nati ya kufungia na kwenye nyuzi. Legeza nati ya juu nyuzi chache, usiitoe, kisha gonga pembeni ya jicho la nako kwa nyundo mbili kutoka pande mbili. Usigonge ncha ya bolti. Itaachia yenyewe. Unapoifungua ya zamani hesabu mizunguko, uifunge mpya kwa hesabu hiyo hiyo. Ile sehemu iliyochongoka iwe kavu na safi, bila grisi. Kotapini, ile pini inayozuia nati isifunguke, iwe mpya, na tundu lisipolingana na nati, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Nati zile zenye plastiki ndani ni za kutumia mara moja.

Bushi za wishiboni zina kosa lake, nami nimelifanya. Bolti ikikazwa gari likiwa limening'inia, gari likishuka mpira unabaki umejisokota siku zote na unachanika mapema. Zishikize tu, teremsha gari likae kwa miguu yake, litikise, ndipo ukaze.

Alaimenti ya chaki

Ukigusa tairodi au rekiendi, alaimenti imeguswa. Kama una mashine karibu, nenda. Kama uko Liwale au kijijini, tumia chaki na tepu mpaka utakapofika mjini. Gari likiwa tambarare na usukani umenyooka, sukuma gari mbele kidogo lijikalie. Piga alama ya chaki katikati ya uso wa kila tairi la mbele, upande wa nyuma, usawa wa habu. Pima umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma gari mbele, usilirudishe, nusu mzunguko wa tairi, mpaka alama zile zile zifike mbele kwenye usawa ule ule. Pima tena. Kwa gari ndogo nyingi vipimo hivyo viwe karibu sawa, tofauti ya milimita moja au mbili, mbele pakiwa padogo kidogo. Ikiwa tofauti ni sentimita, usifunge safari.

Mimi nilibadilisha shafti yenye krosi na tairodi ya kushoto, nikapima kwa chaki, tukaenda Mikindani na kurudi vioo vikiwa chini. Kimya. Usukani nikaupima tena: milimita 12.

Kisha pitia kila nati uliyoigusa baada ya siku mbili tatu za mizunguko ya kawaida. Ndiyo maana nashauri rangi: mstari mmoja unaovuka kutoka nati hadi bolti, ukiachana unajua nati imetembea. Jumamosi iliyofuata nilimlaza mpwa wangu chini na tochi, na mimi nikakaa kwenye usukani.

"Mjomba, huku mstari umeachana. Kama upana wa ukucha."

Ilikuwa nati ya kufungia tairodi ya kushoto, ile niliyoifunga mwenyewe. Nilimpa spana.